Kamba ya Kwenda Chooni

Nawasalimu nyote, na zaidi wewe uliyeambiwa juzi tu kwamba macho yako hayatarudi. Najua hutaki kusalimiwa. Mimi pia sikutaka. Waliokuja kunipa pole niliwajibu vibaya, na mchungaji mmoja nilimwambia akaombee mahindi yake.

Naitwa Marwa, mkazi wa Kerende, Tarime. Kabla ya haya nilikuwa dalali wa ng'ombe. Wanaokwenda minadani wananikumbuka, maana nilikuwa nasimama kwenye mlango wa zizi, namtazama ng'ombe mara moja, kisha namwambia mwenyewe, "Huyu ana mimba," au, "Huyu usimsafirishe, atakufia njiani." Nilikuwa na mdomo, sikatai, lakini macho yangu yaliutetea.

Mke wangu alikuwa ameshafariki, kaburi lake liko hapa hapa bomani. Nilibaki na mwanangu Mwita, anayechimba dhahabu na wachimbaji wadogo, na mke wake Bhoke. Mimi namwita mama Robi, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Watoto wanakwenda shule. Mwita anatoka alfajiri na kurudi jioni. Kwa hiyo mchana kutwa tunabaki wawili tu hapa nyumbani, mimi na mke wa mwanangu. Shida yangu kubwa ilianzia hapo, kama utakavyoona.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa lawama. Watu walisema Marwa siku hizi ana maringo, anapita watu bila kuwasalimia. Kijana akinipita pembeni na kusema "Shikamoo mzee," nilikuwa naitika bila kujua yuko wapi. Nilikuwa naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kwa sababu mbele nilikuwa naona vizuri, sikujua kama naumwa. Nikawa najigonga kwenye milango na viti. Ng'ombe mmoja alinichana shavu kwa pembe ambayo sikuiona kabisa, na wenzangu mnadani wakacheka wakidhani nimelewa asubuhi. Baadaye taa zikaanza kuwa na duara la rangi rangi, na kichwa kikawa kinaniuma upande mmoja mpaka natapika.

Jirani alisema ni vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Niliona ana akili, maana vumbi lipo kweli. Nikanunua dukani dawa ya matone. Haikusaidia. Mama mmoja akanikamulia majani ndani ya macho, yakawaka kama pilipili, nikalala chini nikipiga teke hewani. Nikakaa hivyo, leo nafuu, kesho maumivu, mpaka asubuhi moja nilipoamka nikauliza mbona hakujakucha. Nilisikia watoto wakivaa viatu vya shule, nikajua kumekucha.

Mwita alinipeleka Tarime mjini, na kutoka huko tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa Mwanza. Daktari alinipima kwa muda mrefu. Halafu akavuta kiti karibu.

"Mzee, macho yako yana presha. Presha hiyo imeua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. La kushoto lilikufa zamani, wewe hukujua tu kwa sababu la kulia lilikuwa linakusaidia."

"Na la kulia?"

"Limechelewa. Tutakufanyia upasuaji wa kushusha presha, maumivu yataisha. Lakini kuona hakutarudi."

"Kama hayafanyi kazi basi yang'oe yote," nikamwambia.

"Macho si meno, mzee," akasema.

Siku ile nilimchukia. Leo namshukuru kwa sababu hakunidanganya, na maumivu yaliisha kama alivyosema.

Sasa nisikilize vizuri, hasa kama wewe si mtu wa huku. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, na baba mkwe haingii nyumbani kwake wala hakanyagi kizingiti chake. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na mtu akiivunja anaogopa kwamba litampata baya, yeye au mtoto wake. Nilipokuwa naona, sikuwahi hata siku moja kuiona heshima hiyo kuwa mzigo. Mama Robi alikuwa anaweka chakula mezani, anasema, "Tata, chakula tayari," anaondoka. Tata ndiyo baba kwa Kikurya.

Nilipokuwa kipofu aliendelea vile vile, angefanya nini? Aliweka chakula, akasema tayari, akaondoka. Nami napapasa, namwaga mchuzi mapajani, nakula ugali wenye sisimizi. Kwenda chooni sikuweza. Choo chetu kiko nyuma ya zizi, na njia ina mawe. Mama Robi hawezi kunishika, nami siwezi kumwomba. Kwa hiyo nilimngoja Mwita mpaka jioni. Ili niweze kumngoja, nikaacha kunywa maji. Nikaacha kula mchana. Mkojo ukawa mwekundu na unachoma, tumbo likafunga likawa gumu kama ubao. Siku nyingine nilishindwa, nikajikojolea kitandani, nikakaa humo mpaka mwanangu aliporudi na udongo wa shimoni mwilini, amechoka, akaanza kunivua suruali. Makalio yakapata vidonda. Nasema haya bila kuficha kwa sababu wewe mwenzangu umelala kwenye shuka lililolowa ukidhani uko peke yako duniani. Nilitamani kufa. Nilisema kwa sauti, na Mwita alinisikia.

Ndipo kaka yangu Chacha akaitisha kikao cha familia. Akamwambia Mwita, "Mura," yaani kijana, "huwezi kuchimba na kulea mzee. Mahindi yakishavunwa, apelekwe Mwanza kwa Nyangi." Nyangi ni binti yangu, ameolewa huko. Anaishi na mumewe kwenye vyumba vya kupanga.

Mtu asiyetujua atasema ni jambo zuri. Lakini mimi, mzee mwenye boma na ng'ombe, nikalale kwenye nyumba ya mkwe wangu wa kiume, niogeshwe nyuma ya pazia huku anasikia? Ni aibu nzito kuliko ile niliyokuwa nayo. Na mke wangu niliyemzika hapa nimwachie nani? Nikawaambia, "Nipeni mpaka mavuno. Nikiweza kujitunza mchana, nabaki. Nisipoweza, mnibebe." Chacha akacheka kidogo puani. Mwita akasema sawa, ila sauti yake haikuwa na imani.

Mwalimu Upendo alikuja kwetu kupitia kanisa. Kazi yake ni kuzunguka vijijini akifundisha wasioona kuishi. Ni mtu wa Dodoma, anaongea upesi na hana woga. Siku ya kwanza alinisimamisha uani, akamwita mama Robi.

"Dada, njoo hapa. Mzee, mshike kiwiko huyu binti yako. Yeye atangulie nusu hatua, wewe ufuate."

Nilisikia kuku wakiparua. Nilisikia mama Robi akirudi nyuma.

"Mshike tu, mzee. Mbona mnaogopana?"

"Mwalimu," nikasema, "afadhali unishikishe moto."

Ilibidi nimweleze. Alisikiliza, na nilitegemea aanze kutuhubiria kwamba mila zimepitwa na wakati. Hakuhubiri. Alifikiri, kisha akauliza, "Kamba mnazo?"

Kamba! Nyumba ya wafugaji ikose kamba? Akafunga kamba ya manila kutoka mlangoni kwangu hadi chooni, ikipita kwenye miti, usawa wa kiuno, na nyingine hadi bafuni. Ya chooni akaipiga fundo mwanzoni ili nisizichanganye. Akamfundisha mama Robi kuniongoza kwa mdomo: "Tata, nyama iko upande wako wa kulia, mboga kushoto, maji yako mbele ya sahani." Akanifundisha kukunja kidole juu ya ukingo wa kikombe ili nijue kimejaa, kufunga vifungo vya shati nikianzia chini, kutia sabuni kwenye soksi kuukuu na kuitundika shingoni ninapooga, na kutembea na fimbo nyeupe nikiipitisha kulia na kushoto. "Siyo kuchunga, mzee! Usiipige ardhi, iulize!" Nilikuwa namtukana kimoyomoyo. Lakini siku niliyokwenda chooni peke yangu na kurudi, niliingia ndani nikafunga mlango nikalia kama mtoto. Nilikunywa maji kikombe kizima mchana ule bila kuogopa.

Nilidhani nimeshinda. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Asubuhi moja Mwita alikuta ndama anamnyonya mama yake kabla ya kukamuliwa. Alikuwa na haraka ya kwenda machimboni. Akafungua kamba ya chooni, akamfungia ndama, akisema moyoni ataifunga tena jioni. Simlaumu sana. Mtu wa kwetu akiona kamba anaona ng'ombe. Hakuniambia, basi.

Mchana tumbo likanikata, la kuhara. Nikatoka nikipapasa, mti upo, kamba haipo. Ningemwita mama Robi. Lakini kumwita mke wa mwanangu ili nimweleze habari za tumbo langu, mdomo wangu huo uliozoea kupiga kelele mnadani ulikataa kufunguka. Nikasema njia naijua. Mvua ilikuwa inanyesha na kelele zake zikanipoteza, sikusikia zizi liko wapi. Nikaenda, nikaenda, ardhi ikaisha. Niliangukia kwenye shimo jipya la choo ambalo Mwita alikuwa analichimba. Kifundo cha mguu kikageuka. Maji ya tope yalinifika kiunoni, na kule kuanguka kukamaliza kazi ambayo tumbo lilikuwa limeianza. Sitaki kueleza zaidi.

Nikapiga kelele. Mama Robi akaja mbio.

"Usinishike!" nikamwambia. "Kaite watu!"

"Watu wote wamekwenda msibani Kemambo, tata."

"Basi nenda kamwite Mwita."

"Machimboni ni mbali. Udongo unameguka."

Nilikuwa nauhisi ukimeguka mgongoni. Akaniletea mti, nikaushika, mikono ikateleza, nikaanguka tena na safari hii tope liliingia mdomoni. Nikamsikia ananong'ona kwa Kikurya, kama mtu anayeomba. Halafu akasema, "Tata, nisamehe," na mkono wake ukanishika.

Ulikuwa mkono mgumu wa mtu anayelima. Alinivuta kwa viganja, akaniingiza mikono makwapani, akanikumbatia kutoka nyuma akiwa ukingoni na kunitoa, mimi na uchafu wangu wote. Tulilala kwenye majani, wote tunahema. Akaniongoza mpaka bafuni. Aliniwekea maji, sabuni na nguo, akaondoka. Kutoka bafuni nilimsikia akilia jikoni, kilio cha kujizuia, cha mtu asiyetaka kusikika.

Mwita alirudi, akaona mguu, akaambiwa. "Imetosha!" akasema. "Mavuno yakiisha, Mwanza. Sitaki kusikia neno." Nikamwambia ni yeye aliyefungua kamba. Akatoka kwenda kuifunga tena. Chacha alikuja siku iliyofuata kama mzee wa ukoo, akatunenea maneno ya baraka mimi na mama Robi, akasema jambo limekwisha, halina ubaya tena. Kwake lilikwisha. Kwa mama Robi halikwisha. Alikuwa na mimba changa wakati ule, mimi sikuwa najua, na kila tumbo lilipomchoma alikuwa anadhani ndiyo adhabu yake.

Aliacha kuongea nami. Aliweka sahani, akagonga meza, akaondoka. Hakuna tena nyama kulia wala maji mbele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa macho yangu mchana. Nilirudi kwenye kumwaga mchuzi mapajani, na safari hii sikuwa na hasira, nilikuwa na huzuni.

Mwalimu Upendo alipokuja tena nilimwambia aache, ninahama. Akasema, "Kabla hujahama, leo tunapika uji."

"Mwanaume wa Kikurya apike?"

"Sikufundishi kuwa mwanamke. Nakufundisha usife njaa."

Akaniwekea jiko la mkaa ndani kwangu. Nikajifunza kupima joto kwa kupitisha nyuma ya mkono hewani juu ya jiko, kusikiliza maji yanapoanza kunung'unika na yanapochemka, kupima unga kwa ngumi, kukoroga kwanza na maji baridi. Niliungua vidole. Niliunguza sufuria. Nilikuwa nafanya hayo nimefunga mlango, nisije nikaonekana, kana kwamba natengeneza gongo.

Siku moja mahindi yakiwa yameshaingizwa ghalani, nikangoja chakula cha mchana, hakikuja. Nikasikiliza jikoni, kimya. Nikatoka mlangoni nikaita, "Mama Robi!" Kutoka nyumbani kwake nikasikia mtu anatapika, halafu sauti nyembamba, "Naumwa, tata."

Nilimpigia Mwita. Simu yangu ni ya batani, namba tano ina kinundu, kutoka hapo nazipata zote. Hakupatikana, alikuwa chini shimoni. Nikampigia kijana wa bodaboda, akasema yuko Nyamongo, atakuja. Sasa nikae nangoja? Niliwasha jiko, nikapika uji, nikatia sukari, nikaujaza kwenye chupa ya chai. Nikaitia chupa kwenye mfuko nikauvaa shingoni.

Kamba ya kwenda nyumbani kwa mama Robi haikuwepo. Nani angeifunga, kutoka kwa baba mkwe hadi kwa mke wa mwanawe? Nilikwenda kwa ukuta, kisha kwa fimbo, nikifuata ile sauti ya kutapika, nikikumbuka shimo. Fimbo ilipogonga kizingiti nikasimama.

"Mama Robi, uji uko hapa mlangoni. Nimegeuka, toka uchukue."

Nikageuza mgongo. Ndiyo, kipofu aligeuza mgongo, cheka tu. Nilimsikia akijikokota, akafungua chupa, akanywa.

"Una mabonge, tata," akasema.

Ukiacha lile "Naumwa," ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu shimoni. Bodaboda akafika, akampeleka zahanati, wakakuta malaria kali. Nesi alisema mama mwenye mimba hakupaswa kungoja hata hadi jioni. Mimba haikutoka.

Nyangi na mumewe walikuja na gari kunichukua kama ilivyopangwa. Begi langu lilikuwa limefungwa. Wanaume tulikaa uani, mkwe wangu kwa heshima akakaa mbali nami. Chacha akasema tusichelewe, barabara ni mbaya. Mama Robi alikuwa anagawa chai. Nikasikia sinia likiwekwa chini.

"Naomba kusema," akasema.

Hapakuwa na aliyemruhusu wala aliyemkataza.

"Tata haendi."

"Mama," Chacha akasema, "si wewe ndiye unayeteseka naye?"

"Nateseka naye, ndiyo. Anamwaga chakula, ana maneno makali, na ameniunguzia sufuria. Lakini siku ile naumwa, ninyi mlikuwa wapi? Mkimchukua, mimi mchana mnaniachia nani?"

Alilia aliposema hivyo, na hakujizuia. Mwita akainuka. Kisha nikasikia viatu vyake vikienda kwenye gari, na begi likirudishwa ndani kwangu. Chacha aliondoka na kinyongo, na mpaka leo hajakanyaga hapa. Hayo nayo yananiuma.

Sijapona macho. Bado kuna asubuhi naamka nikidhani kutakucha. Lakini naoga, navaa, napika, nasikiliza ng'ombe akikohoa namwambia Mwita huyu ana homa, na mara nyingi sikosei. Wewe unayeona, ukianza kujigonga pembeni, au taa zikiwa na duara, usingoje vumbi liishe. Nenda hospitali wakupime presha ya macho, hata kama hupati maumivu. Na wewe ambaye tayari huoni, usiache kunywa maji. Mwambie mtu unataka kwenda chooni. Na ninyi mnaoishi na kipofu, msihamishe kitu bila kumwambia, hata kamba.

Namshukuru Mungu, daktari, na Mwalimu Upendo ambaye ameyaandika haya nikimsimulia. Kuna shukrani moja imebaki. Siku ya shimo haizungumzwi hapa nyumbani, na uso kwa uso heshima hainiruhusu kuitaja. Mtoto alizaliwa salama, ni wa kiume, namsikia sasa hivi analia huko jikoni. Maandishi haya yatasomwa na Robi kwa sauti, mama yake akiwa karibu, najua. Basi Robi, ukifika hapa soma polepole: Mama Robi, ulinishika mkono. Asante.